Anayenyanyuka Kafungwa

Minza alikuwa wa mwisho kujua. Kasansa nzima ilikuwa imeshalala na habari ile, ikaamka nayo, ikaibeba pamoja na ndoo mpaka bombani, na ni pale bombani ndipo Pudensiana, jirani yake wa ng'ambo ya mfereji, alipomshika mkono akamvuta pembeni.

"Mama Holo, mimi sitaki maneno," alisema Pudensiana, ambaye huanza hivyo kila akiwa na maneno. "Lakini Diwani yuko wapi?"

"Baba Holo kampeleka jana kuchomwa sindano. Kalala huko huko kwa mtu wa mifugo."

"Sindano." Pudensiana aliishusha ndoo yake taratibu. "Mwenzangu, Diwani kafungwa kamba nyuma ya mashine ya Stanslaus. Mumeo kamkojoa."

Kwenye foleni mtu alikohoa kuzuia kicheko, kikamshinda. Wakacheka wote, si kwa ubaya sana, ila kicheko cha bombani hakichagui mtu. Minza alisimama akawasubiri wamalize.

"Sasa nielezeni," alisema, "maana mmeshafurahi."

Diwani alikuwa maksai. Mwekundu, pembe moja imeinama kidogo kama kofia ya mlevi, na mwenzake mweusi aliitwa Bosi. Kija, mume wa Minza, ndiye aliyewapa majina hayo, ili, kwa maneno yake mwenyewe, apate angalau wakubwa wawili wanaomsikiliza. Walifundishwa kazi pamoja, Bosi kushoto juu ya nyasi, Diwani kulia ndani ya mtaro, na yeyote aliyeshika plau anajua kwamba ng'ombe aliyezoea kulia haamki asubuhi akawa wa kushoto. Hao wawili ndio waliokuwa ugali wa nyumba ile, ndio waliokuwa sare za shule za Holo. Na mvua ya kwanza ilikuwa imeshapiga. Majaruba ya mpunga yalikuwa yamelainika, kila mwenye ng'ombe alikuwa shambani kabla jogoo hajamaliza. Pudensiana, ambaye hana hata mbuzi, alikuwa amempalilia Minza karanga msimu mzima kwa makubaliano kwamba mvua zikianza atalimiwa jaruba lake. Ndiyo maana kicheko chake kilikatika kabla ya vya wenzake.

"Na mimi nalimiwa na nani?" aliuliza.

Wakamweleza Minza, kila mmoja na kipande chake. Kwenye kibaraza cha mashine ya kusaga na kukoboa ya Stanslaus kuna benchi, na mbele ya benchi kuna ubao wa drafti uliochorwa kwa rangi iliyobaki kwenye milango. Kete ni visoda, yaani vifuniko vya chupa, vya huyu vimelala kifudifudi, vya yule vimelala chali. Ukifikisha kete mwisho wa ubao unapandisha kisoda juu ya kisoda, unapata kingi, na kingi anakwenda mbele, nyuma na mbali apendavyo. Hayo yanachezwa Tanzania nzima. Kitu ambacho hakiko kwingine ni sheria ya Stanslaus. Vijiwe vingine mkishindwa kufungana mnaita sare, mnapanga upya. Kwake hakuna sare. Ubao ni wake, benchi ni lake, na kivuli ni cha bati lake. Mnakaa mpaka mmoja anyanyuke, na anayenyanyuka kafungwa.

Stanslaus alikuwa fundi wa mchezo huo, hilo hata waliomchukia hawakubisha. Kija alikuwa mchezaji wa kawaida, wa kufunga watoto na wageni. Lakini Stanslaus alimwachia. Alimwachia vocha, akamwachia soda, akamwachia shati la mtumba ambalo Kija alilivaa kanisani na kumwambia mkewe kwamba kuna watu wamezaliwa na akili ya drafti. Kisha Stanslaus akasema michezo ya shati ni ya watoto. Yeye akaweka pikipiki yake. Kija akaweka Diwani.

Na wala hakucheza vibaya. Mwisho alibaki na kingi mmoja dhidi ya watatu, lakini kingi wake alikuwa ameshika barabara kuu, yaani ule mstari mrefu unaokata ubao kutoka kona hadi kona, na kingi aliyekaa pale hata waje watatu hawamkamati. Kwingine ingekuwa sare, watu wakapeana mikono. Stanslaus akaagiza pombe ya komoni. Akammiminia Kija, akamsifu, akammiminia tena. Yeye mwenyewe alikuwa analamba povu tu. Jua likashuka. Kija alibana mapaja, akabadilisha mkao, akaimba nyimbo mbili za kwaya, akanyanyuka akakimbilia nyuma ya mashine.

Aliporudi anafunga zipu, ng'ombe hakuwa wake.

*

Minza alimkuta mumewe zizini. Kamba ilikuwa imeshafungwa kwenye pembe za Bosi.

"Unampeleka wapi?"

"Malishoni."

"Malisho yako nyuma yako. Bosi anaangalia barabarani."

Kija aliangalia kamba kama imejifunga yenyewe. Alikuwa na macho mekundu, na shati lilikuwa lile lile la mtumba.

"Mama Holo, nisikilize kwanza. Stanslaus amesema ng'ombe mmoja hamfai. Amesema nikimleta mwenzake tucheze tena, nikishinda naondoka na wote wawili. Leo sinywi. Leo hata maji sinywi."

"Na usiposhinda?"

"Nilikuwa nimeshika barabara kuu. Waulize. Hakunifunga mtu, ni ile pombe."

"Sindano," alisema Minza. "Ulisimama hapo mlangoni ukaniambia sindano."

"Nilitaka nimrudishe kabla hujajua."

"Diwani ni ndama wa ng'ombe yupi?"

Kija akaipapasa kamba.

"Nakuuliza wewe."

"Wa yule wa baba yako."

"Alimpa nani?"

"Wewe. Ulipojifungua Holo. Lakini, mke wangu, ng'ombe akishaingia kwenye zizi la..."

"Malizia."

Minza aliingia ndani akatoka na nira begani. Akamvisha Bosi upande wa kushoto, akakaza, kisha akainua upande wa kulia uliobaki mtupu, akaushika hewani usawa wa shingo ya mumewe.

"Ingia."

"Mama Holo."

"Umemtoa mwenzake, ingia wewe. Mvua haikusubiri ujifunze drafti. Ingia tukalime."

Wapita njia wawili wenye baiskeli walipunguza mwendo, kisha wakaacha kabisa kukanyaga pedeli. Kija aliwaona. Aliuona pia uso wa Minza, akaelewa kwamba hapana utani pale, na kwa muda mfupi wa aibu alionekana kama anaipima kweli ile nira, kama itamwenea. Mwishowe Minza aliiachia ikaanguka chini, Bosi akashtuka.

"Kaa hapa na mtoto," alisema akichukua kamba. "Ukivuka huo mti wa ua kunifuata, utafute pa kulala."

*

Kibaraza kilikuwa kimejaa. Jua lilikuwa limetoka kali, kama linavyotoka baada ya mvua za mwanzo, na Stanslaus alikuwa ametandaza mpunga wake mbele ya mashine, turubai baada ya turubai, upigwe jua kabla ya kukobolewa. Alikuwa ameuweka tangu mavuno akisubiri bei ipande. Ulikuwa mwingi kiasi kwamba wateja walilazimika kupita ukingoni mwa mfereji kama watu wanaoiba njia. Yeye alikaa kwenye benchi, mkono mmoja kwenye ubao, mwingine kwenye simu. Pembeni yake alikaa Leonidas, mwenyekiti wa kijiji, na kijiti cha meno mdomoni.

Minza alimfunga Bosi kwenye nguzo. Nyuma ya mashine ng'ombe akalia. Bosi akainua kichwa akajibu.

"Karibu, shemeji," alisema Stanslaus. "Umemleta kumsalimia mwenzake?"

"Shikamoo, mwenyekiti," Minza alimsalimu Leonidas kwanza, kama inavyopasa. "Nimekuja kumchukua Diwani. Aliwekwa na mtu asiye mwenyewe."

Leonidas alitoa kijiti mdomoni akakiangalia. "Mama, tulikuwepo. Mumeo ni mtu mzima, hakushikiwa panga. Halafu ng'ombe aliye kwenye zizi la mume, nyie wenyewe Wasukuma mnajua ni wa nani. Mambo ya ubaoni yanaishia ubaoni. Tukianza kuyapeleka ofisini, ofisi itakesha."

"Kwa hiyo ofisi haiyajui."

"Haiyajui."

"Na wewe ulikuwa umekaa hapo hapo, unaangalia."

"Nilikaa kama Leonidas," alisema mwenyekiti. "Sikukaa kama mwenyekiti."

Kibaraza kikacheka. Mwanamume mmoja aliyekuwa na gunia la mahindi kichwani alilishusha ili acheke vizuri. Minza aliusogelea ubao.

"Basi nipangieni kete," alisema.

Hapo ndipo walipocheka kweli. Mmoja akasema drafti si ukili wa kusuka mkeka. Mwingine akauliza kama mama anajua kwamba hapa kula ni lazima, na wa tatu akajibu kwamba kula anajua, mtazame alivyo. Stanslaus aliwaacha wamalize. Macho yake yalikuwa kwa Bosi, yanapanda miguuni mpaka kwenye nundu.

"Unaweka nini, shemeji?"

"Unamwona. Nikikufunga naondoka na wawili."

"Na mumeo anajua?"

"Yeye alinijulisha?"

Mtu akapiga mluzi mdogo. Stanslaus akaanza kupanga visoda.

"Sheria ni zile zile?" Minza aliuliza, akiwa bado amesimama. "Iseme hapa mwenyekiti asikie. Au Leonidas, nisije nikakosea."

"Hapa hakuna sare," alisema Stanslaus kwa sauti ya mtu anayeipenda sauti yake. "Anayenyanyuka kafungwa. Awe mwanamke, awe mwanamume, awe mimi mwenyewe."

Minza alikunja kitenge, akakaa kwenye benchi ambalo hakuna mwanamke aliyewahi kuonekana amelikalia.

*

Utotoni, huko walikotoka kabla baba yake hajahamishia mifugo Katavi, Minza alichunga na kaka yake mkubwa. Walichora ubao kwenye ardhi ngumu, wakachezea kokoto na mavi ya mbuzi. Hakuwahi kumfunga kaka yake hata mara moja. Ila alikuwa mtoto aliyechukia kufungwa kuliko alivyopenda kushinda, na kutokana na chuki hiyo alijifunza jambo moja tu: kupenyeza kete yoyote ifike mwisho, kukimbilia barabara kuu, na kukaa pale mpaka kaka yake anyanyuke kwa hasira kwenda kurudisha ng'ombe. Kushinda hakukujua. Alijua kukataa kufungwa.

Stanslaus alicheza akiongea na simu. Alikula kete moja, akala mbili kwa mkupuo, na kila akila aligonga kisoda kwenye ubao ili walio nyuma wasikie. "Shemeji anatoa sadaka," alisema. Wakacheka. Minza hakuwa mzuri, na yeyote aliyejua drafti aliliona hilo. Alisogeza asipotakiwa, akaacha mlango wazi, akaliwa tena. Lakini upande wa kushoto alikuwa na kete moja iliyokuwa inatembea kimya kimya, na alipoiona njia akampa Stanslaus kete mbili za mwisho kwa pamoja. Kula ni lazima. Stanslaus akala huku anacheka, visoda vyake vikavutwa upande wa pili wa ubao, na ile kete ikafika mwisho.

"Kingi," alisema Minza.

"Mvisheni taji," alisema Stanslaus, akaitoa simu sikioni. "Mmoja tu huyo. Namfuata."

Hakuwahi. Kisoda juu ya kisoda kiliteleza mpaka kwenye mstari mrefu, kikatua kona. Stanslaus alipandisha kingi wake wa kwanza, wa pili, wa tatu, akawazungusha, akamtegea huku, akamtegea kule. Minza alikwenda kona hii, akarudi kona ile. Leonidas aliacha kutafuna kijiti.

"Barabara kuu," alinong'ona mwenye gunia.

Stanslaus aliegemea ukuta. Alijua kuliko wote kwamba hapo hapana njia. Ndiyo maana aliitunga ile sheria. Akatabasamu.

"Haya. Tukae. Mleteeni shemeji soda."

Soda ikaletwa, baridi, inatoa jasho. Ikawekwa karibu na mkono wake. Minza hakuwa ametia kitu mdomoni tangu alipoamka, na koo lilikuwa kama limepakwa majivu. Aliiangalia ile soda mara moja tu.

"Cheza," alisema.

*

Jua lilipita juu ya bati likaanza kuteremka upande wa pili. Stanslaus alijaribu maneno. Alisema mtoto atakuwa analia njaa. Minza akasema, cheza. Alisema Kija atakuwa anamtafuta, na mwanaume akimtafuta mke asimwone anaweza kuona mwingine. Cheza. Alisema mwanamke mwenye adabu zake hakai na wanaume mchana kutwa amepanua magoti. Minza alisogeza kingi kona kwa kona.

"Cheza."

Habari ilishatoka kibarazani ikazunguka kijiji ikarudi na watu. Pudensiana alikuja na ndoo tupu, akaigeuza akaikalia. Walikuja wengine, na ukiwatazama usoni ulikuwa unajua kila mmoja kaacha nini pale: yule baiskeli, yule simu, yule mabati aliyokuwa ameyanunua kuezekea jiko la mama yake. Mwenye gunia alikuwa ameacha mbuzi watatu. Hata vibarua wawili wa mashine, waliokuwa wanabeba mizigo kulipia madeni yao ya ubaoni, waliacha kazi wakakaa mlangoni na unga kwenye nyusi. Kicheko kilikuwa kimepungua bila mtu kuona kimeondoka saa ngapi.

Kisha upepo ukatoka upande wa ziwa, ule wenye harufu ya udongo. Maturubai yakainua masikio. Stanslaus alitupa jicho nje, akalirudisha ubaoni, akalitupa tena.

"Nyie," aliwaambia vibarua. "Kunjeni mpunga."

Hawakusogea. Mmoja alijikuna shingo.

"Mzee, tukinyanyuka si tutakuwa tumefungwa?"

"Mpumbavu, wewe unacheza?"

"Hata hivyo, mzee."

Tone la kwanza liligonga bati. Likanyamaza, kama linasikiliza, kisha likaja la pili. Stanslaus alimgeukia mwenyekiti.

"Leonidas, waambie hawa."

Leonidas aliangalia wingu, akaangalia nyuso zilizojaa kibaraza, watu ambao uchaguzi ukija ndio wenye kura. "Mimi mgongo," alisema. "Na wao sikuwaajiri mimi."

Hapakuwa na mtu aliyenyanyuka. Mwenye baiskeli hakunyanyuka, mwenye simu hakunyanyuka, Pudensiana alijiweka sawa juu ya ndoo yake kama anayesubiri ibada ianze.

"Shemeji," Stanslaus alisema, na sauti ilikuwa imepoteza mafuta. "Tusitishe kidogo. Kete ziachwe zilivyo, tukusanye mpunga, turudi."

"Kija aliomba kusitisha?"

"Hayo ni mengine."

"Nakuuliza. Jana mume wangu aliomba kusitisha au hakuomba?"

Jibu lilitoka kwa mwenye gunia, ambaye hakumwangalia mtu. "Aliomba. Mara mbili. Tukamcheka."

Minza hakuwa anajua hilo. Lilimpita kifuani kama mwiba, na halikumpunguzia hasira hata kidogo. Lilimwongezea, maana sasa hasira ilikuwa na watu wengi wa kugawana. Akasogeza kingi kona kwa kona.

"Cheza."

Mvua ikaachia. Mpunga wa mwanzo ulianza kutiririka ukingoni mwa turubai kuelekea mfereji, wa dhahabu kwanza, kisha wa tope. Stanslaus aliushika ubao kwa mikono miwili, wakamwona anataka kuupindua. Watu walikuwa karibu mno. Akauachia. Akanyanyuka.

Alitoka mbio kwenye mvua, akavuta turubai peke yake, likamshinda, akavuta jingine. Hakuna aliyemsaidia. Hakuna aliyeshangilia pia. Walikuwa wanatazama tu, kama watu wanaotazama nyumba isiyo yao ikiungua.

"Kafungwa," alisema kibarua taratibu, kama anajaribu neno kama litamwenea mdomoni.

Hapo ndipo Minza alipokunywa ile soda, yote, kwa pumzi moja. Alipoweka chupa chini mwenyekiti alikuwa ameshakohoa.

"Sasa jamani," alisema Leonidas, "mtu amekwenda kuokoa chakula. Hapa lazima tuangalie na ubinadamu."

"Unasema kama Leonidas," Minza alimwuliza, "au kama mwenyekiti?"

Leonidas alikirudisha kijiti mdomoni.

*

Nyuma ya mashine Diwani alisimama ameinamisha kichwa upande. Minza alimpapasa shingo, mkono ukarudi na damu. Bega lilikuwa limechunika kipande cha upana wa sahani, nyama iko nje, na mbavuni kulikuwa na michirizi ya fimbo iliyovimba. Kibarua mmoja alikuwa amemfuata, amesimama mbali kidogo kwenye mvua.

"Alfajiri tulimfunga na ng'ombe wa mzee," alisema. "Yule wa mzee naye ni wa kulia, kwa hiyo huyu tukamweka kushoto. Kila tukimweka anageuka, anarudi upande wake. Mzee akasema pigeni mpaka ajue."

"Mkapiga."

"Tuliambiwa, mama."

Minza alimtazama. Alikuwa na maneno mengi, na kijana alikuwa anayangoja, kichwa kimeinama kama cha Diwani. Minza alifungua kamba.

Kijiji kilimwona akipita kwenye mvua na maksai wawili, mwekundu kulia na mweusi kushoto, bila nira wamejipanga wenyewe. Watu waliokuwa vibarazani waliita hongera. Pudensiana, aliyekuwa anatembea nyuma yake na ndoo kichwani badala ya mwavuli, aliwajibu kwa niaba yake, kwa kirefu. Minza alikuwa anaangalia lile bega. Alishaona vidonda vya nira, akajua huyu hatavutishwa kitu mpaka mvua za kupandia zitakapokuwa zimepita.

Kija alikuwa mlangoni na Holo kando yake. Hakuwa amevuka ua. Alipomwona Diwani uso wake ulifunguka, akapiga hatua, kisha akaliona bega.

"Uliwaomba kusitisha," Minza alisema. "Mara mbili."

"Nani kakwambia?"

"Uliwaomba wakakucheka. Na asubuhi ukafunga kamba uwapelekee Bosi."

Mvua ilikuwa inampiga Kija usoni, na hapakuwa na namna ya kujua yapi ni maji ya mvua na yapi ni machozi. Minza alimpita akaingia ndani kutafuta chumvi na kitambaa safi.

*

Asubuhi iliyofuata majembe mawili ya mkono yalikuwa yameegemezwa mlangoni. Hawakuanza na shamba lao. Walianza na jaruba la Pudensiana, kwa sababu karanga zilikuwa zimeshapaliliwa na kuliwa, na jaruba hilo liko kando ya njia, pale pale ambapo kila anayekwenda mashineni lazima apite.

Kwa jembe la mkono udongo ule ni mzito kama unga uliokandwa. Walilima sambamba, Minza kulia, Kija kushoto. Kija aliyazoea mapini ya plau; kabla jua halijapanda viganja vilikuwa vimetoka malengelenge, akavifunga kwa vipande vya shati la mtumba. Watu walipita. Wengine walisalimia. Wengine walinyamaza, na hao ndio waliokuwa wabaya zaidi. Alipita Leonidas, akasema kazi njema, akaharakisha.

Kisha wakapita wanaume wawili na drafti mpya ya kadibodi kwapani, wakielekea kwenye kivuli kingine, kwani kibaraza cha Stanslaus siku hiyo kilikuwa na harufu ya mpunga uliolowa.

"Kija," mmoja aliita, "njoo bwana. Huku kwetu sare ipo, na choo kipo."

Kija alisimamisha jembe. Aliushika mgongo, akaanza kuunyoosha taratibu, pingili kwa pingili, macho yake yakielekea njiani. Nyuma yao, kando ya ua wa nyumbani, Bosi alikuwa amesimama upande wake wa kushoto, na Diwani kulia kwake, bega limefungwa kitenge cha Minza.

Minza hakuinua kichwa.

"Lima," alisema.